Kifo cha Bwana Hammarskjöld: Sinema Imekwisha Kujibu, Jaji Angali Anauliza



Siku hizi vijana wetu huijua habari ya Kongo ya zamani kwa njia ya sinema kuliko kwa njia ya vitabu. Hatuwalaumu. Sinema ni mwalimu mwenye sauti kubwa, na picha zake hukaa moyoni miaka mingi. Lakini mara nyingi, baada ya kutazama, vijana huja kwa wazee na kuuliza: «Je, mambo haya yalikuwa kweli hivi?» Na wazee wengi hujikuna kichwa.

Swali moja tumeulizwa zaidi ya mara moja, nalo ni hili: Ni nani aliyemwua Bwana Dag Hammarskjöld, mkubwa wa O.N.U., aliyekufa karibu na Ndola mwaka 1961? Wanaouliza wameona sinema. Mwaka 2016 ilitoka ile ya askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Mwaka 2019 Mads Brügger, mtu wa Denmark, alionyesha sinema yake ya upelelezi juu ya kifo hicho. Tena mwaka 2023 Per Fly, naye wa Denmark, alitoa sinema ya siasa na siri juu ya miezi ya mwisho ya maisha ya Hammarskjöld. Mwigizaji wa Sweden, Mikael Persbrandt, alimwigiza katika ile ya Jadotville na katika hii ya 2023, hata vijana wengine wakiisikia habari ya Hammarskjöld huona uso wa Persbrandt.

Basi tumeona vema kueleza habari yenyewe polepole, ili kila msomaji ajue lipi limethibitishwa, na lipi lingali neno la watu tu.

ALIKUWA NANI?

Dag Hammarskjöld alizaliwa Sweden mwaka 1905. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa nchi ile wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1953 mataifa yalimchagua kuwa Katibu Mkuu wa O.N.U. Hakuoa. Alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, Mprotestanti wa Kilutheri, msomaji wa vitabu vya sala. Katika safari yake ya mwisho alichukua kitabu cha Thomas à Kempis, Kumfuasa Kristo, ambacho Wakatoliki wengi wanakijua. Baada ya kufa kwake yalionekana nyumbani kwake New York maandiko ya siri ya roho yake, yakapigwa chapa mwaka 1963.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, Bwana Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likakata shauri kutuma askari wa O.N.U. Tangu siku ile Hammarskjöld alikuwa katikati ya moto. Warusi walimtaka aache kazi. Wafuasi wa Bwana Patrice Lumumba walimlaumu kwa kuwa O.N.U. haikumlinda kiongozi wao, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nao wakubwa wa Katanga, na askari wa kukodiwa waliowatumikia, walimchukia kwa kuwa alitaka Kongo ibaki nchi moja. Mtu aliyechukiwa na pande zote namna hii, akifa usiku porini, hapana budi watu watafute mkono uliomwua.

Tena wakumbuke vijana jambo hili. Mwezi wa Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Lumumba alitoroka, akauawa na watu wa kijiji. Yalikuwa maneno ya uongo. Kwa hiyo miezi saba baadaye, ilipotangazwa kwamba ndege ya Hammarskjöld imeanguka tu, watu wengi hawakuwa tayari kusadiki. Aliyedanganywa jana husikiliza leo kwa sikio moja.

SAFARI YA USIKU

Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa O.N.U. walianza vita Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ili kumaliza kujitenga kwa Katanga. Mambo hayakwenda kama walivyotazamia. Watu waliuawa mjini, na kule Jadotville kundi la Waireland lilizingirwa, hata likakamatwa tarehe 17. Ndege moja ya vita ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ilikuwa ikiwashambulia askari wa O.N.U. bila mwenzake wa kuizuia. Hammarskjöld alikuwa amefika Léopoldville siku ile ile vita vilipoanza. Akaona njia ni moja tu: aonane na Tshombe uso kwa uso, wasimamishe vita. Wakapatana kukutana Ndola, katika Rodezia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo. Nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Waingereza.

Ndege yake ilikuwa Douglas DC-6B, jina lake Albertina. Asubuhi ya tarehe 17 Septemba, ilipokuwa ikiondoka Elisabethville, ilipigwa risasi ikaharibiwa kidogo. Ikatengenezwa Léopoldville, na kwa saa kadhaa ilikaa uwanjani bila mlinzi. Jioni, karibu saa kumi na moja, ikaruka. Ndani walikuwamo watu 16: wafanyakazi wa O.N.U., na mmoja wao mwanamke kutoka Kanada, pamoja na askari walinzi na warusha ndege. Kwa kuiogopa ile Fouga, rubani hakuifuata njia iliyonyoka. Alizunguka upande wa mashariki mpaka karibu na ziwa Tanganyika, ndipo akageuka kusini, na kwa saa nyingi hakusema neno katika redio.

Saa sita na dakika kumi za usiku rubani aliwaambia watu wa uwanja wa Ndola kwamba anaziona taa, yuko juu ya mji, anashuka. Hakusikika tena. Dakika chache baadaye ndege iligusa vilele vya miti porini, kama kilometa 15 magharibi ya Ndola, ikaanguka ikaungua.

Na sasa tufike mahali panapouma. Pale uwanjani walikuwapo wakubwa, na Bwana Tshombe naye alikuwa Ndola akingoja. Ndege imeonekana juu ya uwanja, haikutua, haisikiki. Lakini Lord Alport, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alisema kwamba bila shaka Katibu Mkuu amebadili nia, akaenda kwingine. Watu wakaenda kulala. Mabaki ya ndege yalionekana rasmi saa tisa na dakika kumi alasiri, yaani saa 15 zilikuwa zimepita. Muda ule wote mtu mmoja alikuwa hai katika majivu yale. Huyo ni Harold Julien, Mmarekani, mlinzi wa O.N.U., aliyelala na majeraha ya moto chini ya jua la Septemba. Walimpeleka hospitali, akafa tarehe 23. Kabla ya kufa alisema kulikuwa na mlipuko, na kwamba aliona cheche angani. Wachunguzi wa Rodezia waliyahesabu maneno yake kuwa maneno ya mtu mwenye homa.

MABARAZA YA UCHUNGUZI

Baraza la uchunguzi la Rodezia lilitoa neno lake mapema mwaka 1962: kosa ni la rubani, alishuka mno gizani. Baraza la O.N.U., chini ya uongozi wa Rishikesh Shaha wa Nepal, halikukubali kufunga mlango hivyo. Lilisema mwezi wa Aprili mwaka ule ule kwamba kosa la rubani lawezekana, lakini haliwezi kukana kwamba ndege ilishambuliwa au iliharibiwa makusudi. Hivyo hakuna hukumu iliyotolewa. Mwezi wa Oktoba 1962 mkutano mkuu wa mataifa ukamwagiza Katibu Mkuu autolee habari ushuhuda wowote mpya utakaotokea.

Ni haki kusema kwamba wako watu waaminifu wanaoshika neno la rubani mpaka leo. Mwaka 1993 balozi Bengt Rösiö aliyatazama tena mambo hayo kwa ajili ya serikali ya Sweden, akaona kwamba rubani alikosea kimo chake. Si neno la kipumbavu. Usiku ulikuwa mweusi, warusha ndege walikuwa wamechoka, na pori halina taa.

WACHOMA MAKAA

Lakini kulikuwa na mashahidi wengine. Katika pori lile waliishi wachoma makaa, au makala kama tusemavyo sisi. Kila mtu anayeijua kazi hiyo anajua kwamba tanuru la makala huchungwa usiku kucha: likipasuka na hewa ikaingia, kazi ya majuma inakuwa majivu. Kwa hiyo usiku ule, wakubwa wa uwanja walipokuwa kitandani, watu hawa walikuwa macho.

Walisema nini? Wengine walisema waliona ndege mbili, kubwa na ndogo. Wengine walisema waliona mwanga ukiimulika ndege kubwa kutoka juu, au moto juu ya ndege hiyo kabla haijaanguka. Wengine walisema waliona magari na watu wenye sare porini mapema asubuhi, zamani kabla ya ile saa tisa ya alasiri. Timothy Kankasa, karani wa mtaa wa Twapia, aliyepata kuwa waziri baada ya uhuru wa Zambia, naye alishuhudia kwamba aliona ndege ndogo karibu na ile kubwa.

Neno lao lilipokewaje? Baraza la Rodezia lilisema kwamba mashahidi Waafrika hawategemeki, na kwamba wengine huenda wanasema hivyo kwa ajili ya siasa, ili kuiaibisha serikali. Wachoma makaa kadhaa waliochukua chombo katika mabaki ya ndege walishtakiwa kwa wizi, wakafungwa. Nani angethubutu kusema tena baada ya hayo? Watu wakanyamaza. Wengine walieleza uzeeni kwamba waliogopa.

Hapa ndipo moyo wa habari hii, wasomaji wapenzi. Hatusemi kwamba kila alichosema mchoma makaa ni kweli. Mtu aliyeamshwa na kishindo gizani aweza kukosea, na kumbukumbu ya miaka hamsini huchanganya mambo. Lakini neno la shahidi hupimwa kwa kulilinganisha na maneno ya wengine na kwa kwenda mahali penyewe. Halipimwi kwa ngozi yake wala kwa nguo zake. Baraza lililokataa kusikia lilijinyima lenyewe njia ya kuujua ukweli, na hasara ile hatujaimaliza kuilipa. Mwaka 1961 mashahidi wale walikuwa vijana wenye nguvu, na mahali palikuwa bado na alama. Walipokuja kuulizwa tena kwa heshima, walikuwa wazee wenye mvi, na wenzao wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

JAJI KUTOKA TANZANIA

Waliowauliza tena walikuwa wachache. Mmoja alikuwa Mswidi mfanyakazi wa misaada, aliyekwenda porini akakaa na wazee wale akaandika maneno yao. Mwingine ni Bibi Susan Williams, mwanahistoria wa Uingereza, aliyetoa kitabu juu ya kifo hiki mwaka 2011. Kitabu kile kiliwaamsha watu. Majaji wanne wakakubali kuyatazama mambo bila serikali yo yote kuwatuma. Mkubwa wao alikuwa Sir Stephen Sedley wa Uingereza, na mwaka 2013 walisema kwamba kuna ushuhuda mpya wa kutosha kuifungua tena kesi.

Hapo O.N.U. ikamwita mtu wa lugha yetu: Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Aliongoza kamati ya mwaka 2015, na tangu 2017 amekabidhiwa yeye mwenyewe kazi hiyo. Alitoa taarifa mwaka 2017, 2019, 2022 na 2024. Amewasoma wachoma makaa kwa uangalifu ule ule anaowasoma nao mabalozi. Amemsoma pia Charles Southall, askari wa majini wa Marekani, aliyesema kwamba usiku ule alikuwa katika kituo cha kusikiliza redio Cyprus, akasikia sauti ya rubani anayeshambulia ndege nyingine.

Na jaji amesema nini? Amesema kwamba yawezekana shambulio au tisho kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege, ama kwa kuipiga, ama kwa kuwashtua warusha ndege katika dakika ile ya kushuka. Asema pia kwamba ni karibu hakika ziko serikali ambazo zina habari hazijazitoa. Kwa hiyo ameugeuza mzigo: si kazi ya mchoma makaa kuthibitisha alichoona, ni kazi ya serikali kubwa kuonyesha kwamba zimetafuta kweli katika makabati yao yote. Baadhi ya serikali hizo zimejibu kwa uvivu.

Angalieni, hakusema: «Fulani ndiye mwuaji.» Amefanya kazi miaka mingi, na jina hilo hajalitaja.

SINEMA HAIWEZI KUNGOJA

Turudi sasa kwenye sinema. Anayetengeneza sinema ya siri ana shida ambayo jaji hana. Watu wamelipa fedha, wamekaa saa mbili gizani, hawawezi kurudi nyumbani bila kumjua mwuaji. Picha lazima ionyeshe kitu: ama ndege ndogo inakuja, ama haiji. Jaji aweza kuandika «yawezekana». Kamera haijui neno hilo. Kwa hiyo hata sinema iliyo nzuri huchagua mahali ambapo ukweli haujachagua bado.

Si kwamba sinema haina faida. Ile ya mwaka 2019 iliwapeleka watazamaji wa nchi nyingi mpaka katika pori la Ndola, na wazee wa mahali pale wakasikika kwa watu wengi ambao hawatasoma taarifa ya O.N.U. hata siku moja. Hilo ni jema. Lakini sinema hiyo hiyo iliwafuata watu wa chama kimoja cha siri cha Afrika Kusini, ambacho jina lake lilipatikana katika barua zilizotajwa na Askofu Desmond Tutu mwaka 1998. Barua zenyewe mpaka sasa hazijathibitishwa. Tena mtu mmoja katika sinema akasema kwamba chama kile kilieneza ugonjwa wa ukimwi kwa sindano za chanjo. Waganga na wenye elimu ya ugonjwa huo walilikana neno hilo kabisa. Kwetu, ambako mama akisikia neno baya juu ya chanjo humficha mtoto wake nyumbani, neno kama hilo laweza kuua watoto ambao hawakumjua Hammarskjöld wala Tshombe.

Tena sinema ile ilimtaja kwa jina rubani mmoja Mbelgiji aliyekwisha kufa, kwa sababu rafiki yake alisema kwamba alimwungamia. Jamaa zake wanakana. Sisi jina lake hatuliandiki. Amri ya nane haisemi kwamba tusiwashuhudie uongo walio hai tu.

LISEMWALO LIPO?

Watu wetu husema: Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Ni methali nzuri ya kumwamsha mlinzi, lakini haifai kumfunga mtu. Katika mambo ya Ndola yote mawili yametupata. Wakubwa walidharau lisemwalo na wachoma makaa, wakaupoteza ukweli. Na siku hizi wako wanaosadiki kila lisemwalo katika sinema, nao pia wataupoteza.

Vijana, mnapotazama sinema za namna hii, jiulizeni maswali mafupi. Anayesema aliona kwa macho yake, au alisikia? Wako wengine walioona kama yeye, bila kupatana naye? Waliosema kinyume wamesikilizwa? Na kama jambo lilitokea karibu na kwenu, msiishie kwenye sinema. Katika vijiji vya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wangali wako wazee walioziona siku za 1961 kwa macho yao. Kaeni nao jioni. Andikeni wanayosema, na tarehe, na mahali, na mlitofautishe waliloliona na walilolisikia. Msiwacheke wakisahau. Kazi hiyo ndogo, kama ingalifanywa kwa heshima kule Ndola mwezi wa Septemba 1961, labda leo jaji asingalikuwa anauliza.

Bwana Hammarskjöld alizikwa Uppsala, Sweden, tarehe 29 Septemba 1961, na mwaka ule ule alipewa tuzo ya amani ya Nobel akiwa amekwisha kufa. Kule porini Zambia imeweka mahali pa ukumbusho, na mgeni akifika huoneshwa mahali ndege ilipoanguka. Watu 16 walikufa kwa ajili ya safari ile, na wote walikuwa na jamaa waliowangoja. Jamaa hao hawadai sinema. Wanadai makabati yafunguliwe.